Jirani akilia usiku, ubishe hodi au ufunge dirisha?

Na Mwandishi Wetu, Tanga

*Katika nyumba zenye uani mmoja hakuna ugomvi usiosikika. Linalobishaniwa ni nani mwenye haki ya kuuingilia, apite mlango upi, na afike lini.*

NYUMBA ina vyumba sita, vitatu kila upande wa ukumbi. Uani kuna bomba moja, choo kimoja na jiko la pamoja. Nyumba za namna hii zimejaa Ngamiani, Makorora, Msambweni na Mabawa. Kuta za ndani nyingi huishia usawa wa kenchi; juu yake ni bati tupu, na sauti hupita bila kuomba ruhusa. Mpangaji wa chumba cha kwanza anajua mwenzake wa chumba cha sita kapika nini, kakopa kwa nani, na kochi lake jipya bado linadaiwa kiasi gani.

Saa tano za usiku vyombo vinaanguka. Sauti ya mwanamume inapanda, ya mwanamke inapanda zaidi, kisha inasikika ya tatu, nyembamba, ya mtoto. Katika vyumba vingine redio zinaongezwa sauti. Komeo zinasukumwa. Mtu anamnong'oneza mkewe maneno ambayo kila nyumba ya pwani inayajua: waache, ni mtu na mkewe.

Asubuhi kwenye foleni ya bomba, nyumba nzima ililala fofofo. Hakuna aliyesikia kitu. Ikifika saa nne, pale penye mbaazi na mandazi, kisa chote kinajulikana, chanzo chake, jina la mwanamke wa pembeni na idadi ya vibao.

Usiku wa namna hii si wa nyumba moja wala mtaa mmoja. Mtu yeyote aliyepanga chumba kati ya Moa na Pangani ameshaupitia, kama hakuwa mwenye kupiga au mwenye kupigwa.

Kimya kina hoja zake

Wanaosema usiingilie hawakosi utu. Hoja zao ni nzito, na nyingi zimepatikana kwa gharama.

Ya kwanza inajulikana na kila mpangaji. Uliyemtetea usiku, asubuhi unamkuta anamkorogea mumewe chai, na adui wa wote wawili umekuwa wewe. Salamu zinakatika. Wiki haijaisha, kanga yenye maneno ya kukupasha imeanikwa kwenye kamba inayotazama dirisha lako, na hakuna baraza linalopokea kesi ya kanga. Wahenga walishaonya kwamba ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Wakipatana, chukua kapu ukavune. Wengine hufupisha zaidi: pilipili usiyoila yakuwashiani?

Ya pili ni ya dini. Surat Al-Hujurat, aya ya 12, inakataza kuchunguzana, na masheikh wengi wa pwani huitumia kulinda sitara ya nyumba. Aya hiyo hiyo, pumzi hiyo hiyo, inakataza kusengenyana. Wanaoishika kutetea kimya chao cha usiku huwa wameisahau nusu ya pili ifikapo saa nne asubuhi.

Ya tatu imo katika Katiba. Ibara ya 16 inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa na kupata hifadhi ya maisha yake binafsi, familia yake, unyumba wake na maskani yake. Mume anayefoka mlangoni kwamba hapa ni kwangu ana kipande cha kweli mkononi.

Ya nne ni ya tumbo. Mume akiwekwa mahabusu, nani atalipa kodi ya chumba? Kwa familia ya kuli wa bandarini au mvuvi wa Sahare, siku mbili za kulala ndani ni siku mbili bila chakula mezani. Mara nyingi mke mwenyewe ndiye huenda kumwombea mumewe dhamana, akiwa bado amevimba jicho, na lawama za koo zote mbili humwangukia jirani aliyeita polisi. Hoja hii ndiyo ninayoiheshimu kuliko zote, na sheria zetu bado hazijaipa jibu la kutosha.

> *Aliyekuwa kiziwi usiku ndiye msimuliaji hodari asubuhi.*

Ndoa ya pwani ilikuwa na watu wengi

Hata hivyo, anayesema kwamba mila ya pwani ni kila mtu na lake anaikosea historia ya kwao.

Bibi harusi wa pwani hakuingia kwenye ndoa peke yake. Alikuwa na somo au kungwi wake, mwanamke mzima mwenye ruhusa ya kumuuliza mambo ambayo mama mzazi angeona haya kuyataja. Mume naye alikuwa na mshenga na wazee waliompelekea posa, na wazee hao hawakustaafu siku ya nikahi. Mambo yakiharibika, mwanamke alirudi kwao, na mume alilazimika kumfuata, akaketi mkekani mbele ya wakwe, akaulizwa. Kwa Waislamu utaratibu huo una msingi wake katika Surat An-Nisaa, aya ya 35, inayoagiza ateuliwe mwamuzi kutoka kwa jamaa za mume na mwingine kutoka kwa jamaa za mke pale mfarakano unapohofiwa. Kuingilia kulikuwapo, tena kwa watu wanaojulikana na saa inayojulikana.

Mji wenyewe nao ulijaa wageni mapema. Richard Hindorf alipoleta mkonge mwaka 1893, mashamba ya Tanga, Muheza, Pangani na Korogwe yalihitaji mikono mingi kuliko iliyokuwapo. Manamba walitoka mbali, wakiwamo wa Kigoma, Songea na hata Burundi na Msumbiji. Wengine mikataba ilipokwisha hawakurudi makwao. Waliteremka mjini, wakapanga Ngamiani, penye barabara zinazoitwa kwa namba. Mtu asiye na mjomba mjini alimfanya jirani kuwa mjomba. Mzee wa nyumba ya pili akawa babu wa watoto wasio wajukuu zake, na alikuwa na haki hata ya kuwachapa, haki ambayo leo ingemfikisha pabaya.

Miaka ya mwanzo ya 1960, TANU iliupa ujirani huo muhuri kwa mfumo wa nyumba kumi. Balozi wa nyumba hizo kumi alikabidhiwa siasa na usalama, lakini kazi iliyomkeshesha ni ndoa za watu. Aligongewa dirisha usiku wa manane, akatoka na tochi na msuli, akakaa kati ya mume na mke mpaka hasira zikashuka. Hakuwa na mshahara wala ofisi. Alikuwa na umri na sura inayojulikana.

Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, balozi alibaki kuwa mtu wa chama, na mamlaka ya kiserikali yakashikwa na mwenyekiti na mtendaji wa mtaa. Mwenyekiti huyo anachaguliwa, ana mhuri na daftari la wakazi, lakini ana kaya nyingi kuliko anazoweza kuzijua kwa majina. Usiku wa manane wengi hawajui hata analala nyumba ipi.

Waja leo

Tanga ilipandishwa hadhi kuwa jiji mwaka 2005. Sensa ya 2022 ilikuta wakazi karibu laki nne ndani ya jiji na zaidi ya milioni 2.6 katika mkoa mzima. Bandari imepanuliwa. Chongoleani inajengwa kituo ambako bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, litaishia baada ya safari ya kilomita 1,443. Kazi zimeleta watu, watu wamekuwa wapangaji, na pembezoni kama Kange na Pongwe nyumba mpya zinasimama ndani ya uzio na geti.

Msemo wa mji huu, waja leo waondoka leo, husemwa kwa utani. Kwa mpangaji wa siku hizi ni kama kifungu cha mkataba wake: kodi ya miezi sita, kisha anahama.

Hapo ndipo mila ilipokatika. Binti aliyeolewa Singida akaletwa Tanga hana kungwi hapa, hana mshenga, hana mjomba wa kuitwa. Simu ya kwao itapokewa na mama anayelia umbali wa siku nzima ya basi. Akipigwa saa tano usiku, mtu wake wa karibu kuliko wote duniani ni yule wa chumba cha pili, ambaye labda hajui jina lake zaidi ya Mama fulani. Wahenga wale wale wa pilipili walisema pia kwamba jirani wa karibu ni bora kuliko ndugu wa mbali.

Kwenye nyumba za geti hali ni ngumu zaidi. Uani wa Ngamiani angalau unasikia. Ukuta wa tofali wenye vipande vya chupa juu yake humlinda mwenye mali dhidi ya mwizi, na humlinda mpigaji dhidi ya mashahidi.

Sheria ilishaingia chumbani

Wengi wanadhani sheria huishia kwenye kizingiti. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inatamka kwamba hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo. Kifungu hicho kina umri mkubwa kuliko wengi wa wanaopigana leo. Sheria hiyo hiyo inataka ugomvi wa ndoa upelekwe kwanza kwenye baraza la usuluhishi kabla ya mtu kuomba talaka mahakamani. Waislamu wengi hupitia baraza la BAKWATA, wengine huenda kwenye baraza la kata. Maana yake serikali iliona zamani kwamba wawili wakishindwana, sharti aketi wa tatu.

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya 1985 inakwenda mbali zaidi. Inamtaka kila anayefahamu kwamba kosa la jinai limetendwa, au linakusudiwa kutendwa, atoe taarifa polisi au kwa kiongozi wa eneo lake. Na inamkinga mtoa taarifa asishtakiwe kwa madhara yatokanayo na taarifa hiyo. Ni kinga ambayo karibu hakuna mpangaji anayeijua, na haitangazwi vya kutosha.

Kwa mtoto hakuna nafasi ya kusitasita. Sheria ya Mtoto ya 2009, kifungu cha 95, inamwekea mwanajamii yeyote mwenye ushahidi au habari kwamba haki za mtoto zinavunjwa wajibu wa kutoa taarifa kwa mamlaka ya serikali za mitaa. Kifungu hakisemi kama una muda, wala kama mnaelewana na mzazi wake.

Kwa nini basi madirisha yanafungwa? Sehemu ya jibu imo katika utafiti wa kitaifa wa afya ya jamii wa 2015-16. Asilimia 40 ya wanawake wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walisema wamewahi kupigwa au kufanyiwa ukatili wa kimwili tangu walipotimiza miaka 15. Katika utafiti huo huo, asilimia 58 ya wanawake waliona mume ana haki ya kumpiga mkewe kwa angalau sababu moja, zikiwamo kuunguza chakula na kutoka bila kuaga. Jirani anayeongeza sauti ya redio huenda hajioni anafumbia macho kosa. Anadhani anaheshimu haki ya mtu.

> *Sheria inamkinga anayetoa taarifa ya kosa. Karibu hakuna mpangaji anayejua.*

Boksi la Morogoro

Mei 2014, mjini Morogoro, Watanzania walisoma habari ya mtoto wa kike wa miaka minne aliyekutwa akiishi ndani ya boksi katika nyumba ya ndugu yake. Mama yake alifariki mtoto akiwa bado mchanga, akachukuliwa na jamaa ili alelewe. Alikuwa amefichwa humo kwa miaka, amedhoofu, viungo havijakua. Walezi wake na baba yake walifikishwa mahakamani.

Mtoto huyo hakugunduliwa na daktari, mwalimu wala askari wa doria. Waliomtoa ni majirani, waliopeleka habari kwa uongozi wa mtaa. Mlango ukafunguliwa.

Hapo kisa kina pande mbili, na vyombo vya habari vya wakati ule vilishika zaidi upande wa kwanza. Majirani walimwokoa, ni kweli. Lakini nyumba ile ilikuwa na wapangaji wengine, na mtoto hukohoa, hulia, hunuka asipoogeshwa. Miaka ni mingi kwa nyumba ya kupanga. Sina shaka wapo waliosikia mapema wakajiambia kwamba kila mtu analea kwa namna yake. Alikimbizwa hospitali ya mkoa, kisha Muhimbili. Alifariki dunia mwanzoni mwa Juni, siku chache baada ya kutolewa.

Watetezi wa kimya huuliza: na kama ungebisha hodi ukakuta hakuna kitu? Ungeaibika. Ungeitwa mbea. Aibu hiyo ina mizani yake, na Morogoro ilionyesha upande wa pili wa mizani una uzito gani.

Kuingilia kwa ubaya

Hata hivyo, wanaoingilia nao wana dhambi zao, na hapa wapiga kelele wa haki za binadamu hunyamaza.

Pwani hii hii inayoogopa kubisha mlango penye kipigo haiogopi kuuvunja penye fumanizi. Vijana hukusanyika, mlango husukumwa, wawili hutolewa nje na shuka, simu zinawaka taa. Kabla jua halijachwa, picha zimeshazunguka kwenye makundi ya WhatsApp kuanzia Duga mpaka Muheza. Hakuna aliyekuwa akichinjwa ndani ya chumba kile. Huko ni kuvunja nyumba na kumdhalilisha mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imempa mwathirika mlango mwingine wa kudai haki. Mwenye tamaa ya kushuhudia aibu ya jirani asijiite mlinzi wa maadili.

Yupo pia mwingiliaji wa kila siku: anayehesabu wageni wa mwanamke mjane, anayemuuliza bibi harusi kila mwezi kama bado, anayempigia mume simu akiwa safarini kumweleza mkewe karudi saa ngapi. Ndoa ngapi za mji huu zimevunjwa na watu wema wa aina hiyo? Malalamiko ya wanaotaka jirani akae kwake yanawahusu hawa hasa, na yana haki.

Ukitazama vizuri, basi, tunaingilia kila kitu isipokuwa kile kilichotuhitaji. Tunapekua sufuria, kitanda na simu ya mwenzetu mchana kutwa, halafu anapopiga ukunga tunakumbuka kwamba ana haki ya faragha.

Kikombe cha chumvi

Mwaka 2008 nchini India, shirika la Breakthrough lilianzisha kampeni iliyowaomba watu wakisikia kipigo kwa jirani wabonyeze kengele ya mlango. Matangazo yake hayakuonyesha shujaa. Yalionyesha mwanamume wa kawaida akigonga na kuomba kikombe cha maziwa, au kuomba apige simu, au watoto wakidai mpira wao. Mpigaji anafungua, anajua amesikika, mkono unashuka.

Bibi zetu walikuwa na mbinu hiyo kabla ya kengele. Hodi, mwanangu, nimeishiwa chumvi. Saa tano usiku kila mtu anajua chumvi si chumvi, lakini heshima ya nyumba imebaki, na mwanamke amepata nafasi ya kutoka uani.

Kampala nako, programu ya SASA! ya shirika la Raising Voices iliwatumia watu wa mtaani wenyewe, wauza genge na mafundi, kuzungumza na majirani zao kuhusu kipigo. Utafiti uliofanyika katika maeneo ya Rubaga na Makindye kati ya 2007 na 2012 ulikuta kwamba ukatili wa kimwili ulioripotiwa na wanawake katika mwaka uliotangulia ulikuwa chini kwa asilimia 52 ukilinganisha na maeneo ambayo programu haikufika. Kazi hiyo ilifanywa na majirani.

Kwa maoni yangu mpaka unaonekana bila miwani. Wakirushiana maneno, hata ya matusi, kaa kwako, na uyaache hapo hapo bila kuyapeleka penye mbaazi. Likianguka kofi, bisha hodi. Usiende peke yako, mchukue mtu mzima anayeheshimika, ikiwezekana bi mkubwa wa nyumba. Usiingie katikati ya watu wenye panga au chupa. Piga kelele, waamshe wengine, wapigie polisi. Kukipambazuka mtafute mwanamke akiwa peke yake, umuulize anataka nini. Yeye ndiye atakayelala na matokeo, kwa hiyo kama ni mtu mzima na uhai wake hauko hatarini, neno la kwenda au kutokwenda Chumbageni polisi ni lake. Kwa mtoto, usimuulize mtu ruhusa.

Njia zipo: mwenyekiti na mtendaji wa mtaa, afisa ustawi wa jamii, Dawati la Jinsia na Watoto polisi. Mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili uliozinduliwa kwa kipindi cha 2017/18 hadi 2021/22 uliagiza kamati za ulinzi wa wanawake na watoto ziundwe mpaka ngazi ya mtaa na kijiji. Mkazi, muulize mwenyekiti wako kamati hiyo ina nani na mara ya mwisho ilikaa lini. Wenye nyumba nao, wanaoandika kwenye mkataba kwamba ni marufuku kupiga misumari ukutani, wangeweza kuongeza mstari mmoja kuhusu kupiga watu.

Na viongozi wa mitaa waliochaguliwa Novemba 2024 wabandike namba zao za simu kwenye kila nyumba ya wapangaji, mahali panaposomeka usiku. Ya huduma kwa watoto tayari ipo: ni 116, haina gharama, na hupokewa usiku na mchana.